Koti la Kuazima

Katika nyumba ya Kibwana pale Bigwa, asubuhi haikuanza kwa redio. Ilianza kwa vitendawili. Mwanvita ameinamia karai la mafuta, maandazi yanageuka rangi taratibu, na binti yake Faraja, wa darasa la saba, anayapanga kwenye ndoo huku anatega.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nguo ninazo nyingi, mwili sina."

Mwanvita akageuza andazi, akafikiri. Alitaja kabati, akataja kamba ya kuanikia, akataja hata muuza mitumba wa pale njia panda. Kila jibu Faraja alitikisa kichwa kwa raha ya mtu anayejua ameshinda. Mwisho mama akasalimu amri, na aliyeshindwa kitendawili hutoa mji.

"Haya, chukua Kilosa."

"Nilikwenda Kilosa nikapokelewa kwa ngoma, nikala wali kwa kuku, nikalala kitanda cha chuma. Wakaniuliza, kwenu nani kashindwa? Nikasema mama. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaniambia, kamwambie mama yako ni kitunguu."

Walikuwa bado wanacheka gari liliposimama nje. Alishuka Abdulmajid, tajiri wa Kibwana. Abdulmajid alikuwa na Haisi aliyoinunua ikiwa imechoka, akaipaka rangi nyeupe na mstari mwekundu, akaweka king'ora juu na maandishi ya kinyumenyume puani, na tangu hapo ikaitwa gari la wagonjwa. Kibwana ndiye dereva wake. Likikodiwa msibani hubeba maiti, likikodiwa mpirani husimama kando ya goli, na siku zisizo na kukodiwa hulala uani kwa Abdulmajid, kuku wakitagia chini yake.

Abdulmajid alipewa kigoda, akapewa andazi, akasifu andazi. Kisha akaeleza shida yake. Jumapili kulikuwa na mbio za mlima, zinaanzia Bigwa, zinapanda kuelekea milimani na kurudi, na wakimbiaji wengine wanatoka Dar na fulana zao za rangi. Kamati ilitaka gari la wagonjwa lenye nesi ndani, maana bila hivyo ofisi haitoi kibali. Gari lilikuwepo. Nesi hakuwepo. Irene, aliyekuwa akikaa humo, alikuwa ameacha kazi kwa kuchoka kuambiwa mshahara ni kesho.

"Nesi wa kukodi anataka hela ya siku nzima, shemeji, na kamati wenyewe wamenipa nusu," alisema. "Sasa wewe hutibu mtu. Unakaa tu. Unavaa koti, unakaa mbele na mumeo, watu wa ofisi wakipita wanaona nesi yupo. Watu wanakimbia, wanakunywa maji yao, wanarudi makwao."

"Na akiumwa mtu?"

"Kibwana anakanyaga mafuta. Hospitali si ipo?"

Mwanvita alimtazama mumewe. Kibwana alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, na mtu mwenye mswaki mdomoni ana ruhusa ya kutojibu. Abdulmajid akataja elfu hamsini. Mwanvita hakuwa mtu wa tamaa, hilo majirani wote watakuambia, lakini bati la chumba cha Faraja lilikuwa linavuja na masika yalikuwa yanabisha hodi. Aliyapima maandazi ya kuifikia hela ile, akaona ni ndoo nyingi, na moshi mwingi, na macho mengi ya kufikicha.

Koti lililetwa kwenye mfuko wa nailoni. Lilikuwa jeupe, la Irene mwenyewe, jina lake limetariziwa kwa uzi wa buluu juu ya mfuko wa kifuani. Mabegani lilibana na vifungo viwili havikufika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na Mwanvita aliujua msemo huo vizuri. Lakini Faraja aliposema, "Mama, umependeza," alikwenda kujitazama kwenye kipande cha kioo, na baada ya kidogo akaenda tena.

*

Jumapili ile Bigwa ilijaa watu mpaka kuku wakakosa pa kupita. Spika zilikuwa kubwa kuliko milango ya nyumba. Mwanvita alikaa kiti cha mbele na kioo kimefungwa, kama alivyoagizwa, akiomba asipite mtu anayemjua. Watu wa ofisi walipita, wakachungulia, wakaona koti, wakatia alama kwenye karatasi yao, wakaenda kunywa soda.

Miongoni mwa wakimbiaji alikuwemo Hafidhi, mtoto wa Mwajuma, nyumba ya pili kutoka kwa Kibwana. Hafidhi alikuwa kijana wa mizigo. Hupanda milimani usiku, alfajiri hushuka na mkungu wa ndizi begani au tenga la mboga, anauza, anapanda tena, na mdomo wake haupumziki wala njia haimchoshi. Watu wa kule juu huona kukimbia mlimani mikono mitupu ni mchezo wa watoto, na wenzake walikuwa wamemwambia pikipiki ya mshindi ni yake. Alimwambia mama yake kwamba akiipata, bega lake litajua Jumapili ni nini. Siku ile ile ya mbio alikuwa ameshashusha mkungu, na hakukaa chini kula, maana mstari wa kuanzia ulikuwa unamsubiri.

Wakimbiaji walipokwishapanda, simu ya Kibwana iliita. Gari lililokuwa lilete chakula cha wageni limekwama, na masufuria ya pilau yako tayari kwa mpishi, yanapoa. Abdulmajid alisema gari la wagonjwa limekaa bure, na tena barabarani halisimamishwi na trafiki, kayaleteni hayo masufuria mara moja. Kibwana alijaribu kusema kitu. Upande wa pili simu ilikuwa imeshakatwa.

Basi wakaenda. Kitanda cha mgonjwa wakakikunja na kukifunga ukutani kwa kamba. Yakaingia masufuria, yakaingia makreti ya soda, na bakuli la kachumbari halikupata pa kukaa ila mapajani kwa nesi. Kwenye tuta la kwanza koti likapata doa la nyanya. Mwanvita alilifuta kwa kidole, doa likaongezeka.

Wakati huohuo, huku chini karibu na matanuri ya matofali, Hafidhi alikuwa anarudi. Alikuwa wa tatu. Waliomwona walisema alianza kukimbia kama mtu anayekanyaga maji, halafu akapiga magoti taratibu, kama anayetaka kusujudu, halafu akalala. Twalibu wa bodaboda alikuwa pale pale. Akamwinua na mwenzake, wakampakia katikati yao, miguu inaburuzika, pikipiki imeshawashwa. Na zahanati kutoka pale matanurini si mbali, ni mwendo wa kumaliza muwa.

Lakini watu wakawazuia, na walizuia kwa moyo mzuri kabisa. Wakasema, jamani, mnambeba mtu kama gunia? Si mtamvunja? Gari la wagonjwa lipo, na nesi yupo, tumemwona kwa macho yetu. Mshusheni mlazeni, nesi anakuja. Twalibu akasita. Ni kweli, kila siku watu hufundishwa hivyo, kwamba mgonjwa apelekwe na gari lake. Akazima pikipiki. Wakamlaza Hafidhi juani juu ya kanga ya mtu, wakamfanyia uwazi nesi apite, wakasubiri.

King'ora kilisikika mapema. Kililia kutoka kwa mpishi, kikalia njia nzima, kikalia katikati ya watu waliokuwa wakicheza muziki na kudhani ni sehemu ya sherehe. Watu walipolisimamisha gari, Kibwana akafungua mlango wa nyuma na harufu ya pilau ikatoka kabla ya kitu chochote. Waliosimama mbele hawakuelewa. Kisha wakaelewa, wakaanza kushusha masufuria ya moto kwa kanga na fulana zao, wali ukimwagika, mtu akiungua, na fundo la kamba ya kitanda likiwa limekaza na kukataa katakata kufunguka. Mwishowe wakamlaza sakafuni, kati ya makreti.

Mwanvita akaingia nyuma. Watu walimwelekeza kwa mikono kwenye mtungi wa oksijeni. Aliunyanyua, nao ukaja mwepesi kama debe tupu. Akamwekea Hafidhi kinyago cha mtungi puani hata hivyo, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na hapo kijana akafumbua macho.

*

Hospitali walimpokea kwa haraka. Muuguzi wa pale, binti mdogo mwenye sauti ya kazi, akamgeukia Mwanvita. Akauliza, "Sista, njiani umempa nini? Presha yake ilikuwaje?"

Mwanvita alijaribu kuvuta koti lifunge kifuani. Yule binti akasoma jina kifuani, akatazama vifungo visivyofika, akatazama doa la nyanya. Alimkwepa tu kwa bega, kama mtu anavyokwepa kiti kilichowekwa njiani, akaendelea na mgonjwa. Nje Mwanvita alilivua koti, akalikunja dogo kabisa, akalibana kwapani.

Hafidhi alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

*

Walimzika kesho yake. Abdulmajid alileta mchele na sukari na kulia alilia, machozi ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba mambo hupita.

Mwanvita alikaa nyuma kabisa kwa wanawake, chini ya turubai, karibu na majungu. Wanawake walimsogelea na kumwachia nafasi kwa pamoja, kama watu wanavyofanya kwa mgonjwa wa kikohozi. Ndipo akaja Zawadi.

Zawadi alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu, na kwa Waluguru mtani msibani ni kama chumvi mchuzini. Watani ndio wenye kazi nzito za maziko, na ndio wenye ruhusa ya kuchekesha watu machozi yakiwa bado mashavuni. Atakayosema mtani hayana kesi. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe.

Zawadi alijifunga kanga nyeupe kama koti, akajitundika kifuniko cha sufuria shingoni kwa kamba. Akaenda kwa bibi mmoja mzee, akamwekea kile kifuniko kifuani, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa.

"Bibi, hali yako mbaya," alisema. "Lakini vumilia. Ngoja nesi ashushe pilau kwanza."

Turubai zima likaangua kicheko, kile cha msibani chenye kilio ndani yake. Wengine walijiziba mdomo kwa kanga. Kisha vichwa vikageuka nyuma, kimoja kimoja, vikamtazama Mwanvita.

Aliifahamu desturi. Akafungua pindo la kanga, akatoa alichokuwa nacho, akanyoosha mkono bila kuinua macho. Zawadi akapokea, na mzaha wake ukaisha, kwa kuwa mtani akipewa hunyamaza. Lakini alipoinama kuchukua akasema kwa sauti ya chini, isiyo ya utani:

"Mimi nimemaliza, mama Faraja. Wewe umemaliza?"

Baadaye Mwajuma alimwita ndani. Alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, mikono imelala mapajani kama si yake. Mwanvita akapiga magoti, akampa pole, naye akaitikia kwamba wameshapoa.

"Wanasema wewe ndiye uliyekuwa naye humo garini," alisema Mwajuma. "Alisema nini?"

Mwanvita akatazama mkeka.

"Hakusema kitu, dada. Alilala tu."

Mwajuma aliinua uso.

"Hafidhi?" alisema. "Mwanangu hajawahi kunyamaza."

*

Siku za tanga zilikwisha, maandazi yakaanza tena. Yaliuzika nusu. Wateja hawakutukana, walipita tu upande wa pili wa njia, na wengine waliagiza kwa salamu, "Nesi, hujambo?" Mwanvita akajibu hajambo. Koti alilifua mara tatu. Doa la nyanya halikutoka, likabaki kama ramani ndogo juu ya mfuko. Majirani waliliona kambani, na ikasemwa mtaani kwamba ni damu.

Jioni moja Faraja alirudi kutoka bombani, akatua ndoo, akakaa kizingitini bila kuvua kata kichwani. Kwa muda alikuwa hategi. Sasa akasema, uso chini:

"Kitendawili."

Mama yake alifurahi. "Tega."

"Jogoo wetu anawika mji mzima, kunapokucha hakujui."

Mwanvita akafikiri. Akataja saa mbovu, akataja mlevi. Faraja hakutikisa kichwa kwa raha safari hii. Mwanvita akaona mtoto hainui uso, na jibu likamjia lenyewe, likamkaa kifuani. Wangeweza kuliacha hapo. Lakini kitendawili kikitegwa hakiachwi hewani.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua Bigwa."

Faraja akaivua kata, akaishika. "Nilikwenda Bigwa," alisema. "Hawakunipokea kwa ngoma. Watoto wa bombani wakaniambia ni gari la baba yako." Halafu akauliza, si kwa kitendawili, "Mama, ni kweli alikufa kwa sababu yenu?"

Kabla Mwanvita hajapata la kusema, hodi ikapigwa. Ni Abdulmajid. Alikuwa amekonda. Watu wa afya kutoka mjini wanakuja ofisi ya kata, alisema, wameita kila aliyehusika. Alikuwa ameshayapanga maneno. Mwanvita aseme aliwahi kusoma kozi ya huduma ya kwanza, Dar, si lazima ataje chuo. Kibwana aseme walipofika, kijana alikuwa ameshakata roho. Maiti haina dereva mzembe wala nesi wa uongo. Kwa hiyo hakuna mwenye kosa, na Kibwana atabaki na usukani wake.

"La sivyo tunakwenda ndani sote, shemeji. Na mumeo ndiye aliyeendesha. Mimi nitapata wakili. Yeye?"

Hakulisema kwa vitisho. Alilisema kwa masikitiko, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipoondoka, Kibwana alikaa anapangusa gotini vumbi lisilokuwepo. Mwisho akasema kwamba yeye kitu kingine hakijui ila kuendesha, na kwamba marehemu harudi. Mwanvita hakubishana naye. Alimwuliza jambo moja tu, kama siku ile mbele kule alisikia chochote kutoka nyuma ya gari.

"King'ora kilikuwa kinalia," alisema Kibwana. "Ningesikia nini?"

*

Ofisi ya kata ilikuwa na mabenchi mawili, na watu wakawa wengi, wengine wakining'inia madirishani. Afisa aliyetumwa aliitwa Raphael, mtu wa makamo, macho yamechoka, shati limepigwa pasi. Alianza kwa kumpa Mwajuma pole na kumpisha kiti chake mwenyewe chenye mto. Mwajuma akakikataa, akakaa mwisho wa benchi.

Twalibu aliulizwa kwanza. Akasema alikuwa ameshampakia, akamshusha. Akasema tena kwamba alimshusha, kana kwamba hakuna aliyemsikia. Kama gari lile lisingekuwepo kabisa, alisema, Hafidhi angefika zahanati kwenye pikipiki yake. Akakaa na kufunika uso kwa kofia.

Abdulmajid akasema maneno yake. Kibwana akaitwa, akasimama, akayasema yake akiwa anatazama kandambili zake. Walipofika kijana alikuwa ameshakata roho. Raphael akauliza, una hakika? Kibwana akasema ndiyo, kwa sauti iliyosikiwa na yeye na kandambili tu.

"Mama Faraja," Raphael akaita. "Tumeambiwa wewe una mafunzo ya huduma ya kwanza."

Mwanvita aliinuka na kapu lake, lile la maandazi. Akatoa koti lililopigwa pasi kwa mkaa, akaliweka mezani, jina la Irene likaangalia juu. Kisha badala ya kumwelekea afisa, akamgeukia Mwajuma.

"Mimi nauza maandazi," alisema. "Koti hili nililivaa kwa elfu hamsini, na nililipenda. Sijui kupima presha. Mtungi ule ulikuwa mtupu, nikamwekea puani ili mnione ninafanya kitu." Akapumua. "Dada, nilikudanganya. Alikuwa hai. Alifumbua macho akanijua. Akasema, 'Mama Faraja, umekuwa nesi?' Na mimi nikamwambia ndiyo."

Nje kuku alikuwa anaparura.

"Akatabasamu, Hafidhi," Mwanvita akamalizia. "Akasema, 'Basi nimepona.' Akafumba macho. Hayo ndiyo aliyosema. Mengine hakuna."

Mwajuma hakupiga kelele. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayeongea chumba cha pili. Kidogo kidogo uso wake ukalegea, na machozi yakaja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile yalikuja bila kumpiga.

"Eeh," alisema. "Huyo ndiye Hafidhi."

Abdulmajid alikuwa amelaza uso juu ya viganja vyake. Raphael alikuwa bado hajaandika neno pale Kibwana aliposimama bila kuitwa.

"Afisa, naomba nianze upya," alisema. "Kulikuwa na masufuria."

*

Yaliyofuata yalikuwa marefu na hayana utamu. Gari lile lilivutwa, likawekwa uani polisi, na kuku wa polisi nao wakatagia chini yake. Abdulmajid ana kesi. Kibwana na mkewe walikwenda na kurudi kutoa maelezo mpaka wakajulikana na mlinzi wa getini. Mwanvita alipewa onyo kali, akaambiwa ashukuru. Kibwana hana usukani. Siku nyingine hupakia matofali kwenye malori pale matanurini, na jioni hurudi mwekundu kama udongo. Hakumlaumu mkewe kwa maneno. Kwa siku kadhaa alimlaumu kwa kutokumaliza chakula, halafu njaa ikampatanisha naye. Bati la Faraja bado linavuja. Wamelitegea sufuria.

Wakubwa mjini wakatoa amri kwamba popote penye mkusanyiko, gari la wagonjwa lifunguliwe na kukaguliwa, na anayekaa ndani aonyeshe cheti chake. Watu walisema amri ni nzuri. Walisema pia kwamba karatasi nayo inaweza kuvaa koti.

Mwajuma hakununua maandazi kwa muda mrefu. Asubuhi moja alipita, akasimama, akanunua mawili. Kesho yake akanunua tena, akasema ya jana yalizidi sukari. Mwanvita akapunguza. Siku ile Faraja akatega kitendawili kipya, na mama yake akashindwa makusudi.

Msimu wa fainali ya kata ulipofika, wanawake hawa wawili walikwenda uwanjani Mafiga kuuza, mmoja na ndoo yake, mwingine na ndizi zake mbivu. Walikuta gari la wagonjwa limesimama kando ya goli, jipya, linameremeta. Waliuza kidogo. Kisha Mwajuma akatua tenga, akajifuta mikono, akaliendea lile gari bila kusema anakwenda wapi. Mwanvita akamfuata.

Ndani alikaa kijana wa kiume, nesi, kadi yenye picha shingoni. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba. Mwajuma akamwomba amfungulie mlango wa nyuma. Kijana akadhani ni mgonjwa, akashuka haraka, akafungua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka ya kijani. Mtungi ulikuwa umefungwa mahali pake. Hakukuwa na kitu kingine, sakafu ilikuwa tupu na safi. Mwajuma alisimama mlangoni akitazama mle ndani, kelele za mpira zikiwa nyuma yake. Aliweka kiganja juu ya godoro, akalibonyeza mara moja, kama mtu anavyojaribu unga kama umeumuka.

"Mama, unajisikiaje?" kijana akauliza. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mwanangu," alisema Mwajuma. "Nilikuwa naangalia tu kama mtu anaenea."